Karatasi ya Maji: Tuulize Nini Imeandikwa Ndani

Kusoma: Hesabu 20:14-21, Ezekieli 34:17-22, Mwanzo 21:22-32



Mu miezi hii ya kiangazi watu wa makanisa mengi wananiletea ulizo moja. Wanasema: «Pasta, kampuni imekuja kuweka pompi ku kijito chetu. Tulipouliza, walituonyesha karatasi yenye kashe ya Leta. Sasa tuseme nini tena? Karatasi iko.» Na wengi wanarudia ku nyumba na kunyamaza. Wanafikiri kama kashe inamaliza maneno yote.

Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya neno hili pole pole, sababu iko neno la jamaa. Mama anayepanda lengalenga na matembele kandokando ya mto, njo anayelipa minerval ya watoto. Baba anayefanya kazi ku mine, naye anakula kwa maji ile ile. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu «kampuni mbaya» ao «wakulima wanasumbua». Tunapashwa kujua ruhusa ya maji ni kitu gani, na namna gani inapaswa kuandikwa.

Ninaanza na jibu lenyewe: musiulize tu kama karatasi iko. Muulize nini imeandikwa ndani.

MOSE NA MFALME WA EDOMU

Tufungue kitabu cha Hesabu, sura ya 20. Waisraeli walitaka kupita mu inchi ya Edomu. Mose alituma wajumbe kwa mfalme. Mutazame vizuri vile waliomba. Hawakusema tu «utupe njia». Walitaja masharti wao wenyewe: watafuata barabara kubwa, hawatapita mu mashamba wala mu mizabibu, hawatakunywa maji ya visima. Na mfalme alipokataa, waliongeza: kama sisi ao wanyama wetu tukikunywa maji yako, tutalipa bei yake.

Mfalme alikataa hata hivyo, na Israeli wakageuka wakapita ngambo ingine. Lakini sisi tunapata fundisho. Mwenye kuomba maji kwa haki anasema yeye mwenyewe nini hatagusa, nini atalipa, na atapita wapi. Ruhusa pasipo masharti haiko ruhusa. Ni sawa vile kumupa mutu ufunguo wa nyumba na hujue atatoka siku gani.

MAJI IKO YA NANI?

Mbele ya yote, maji ni ya Mungu, yeye anayeleta mvua. Lakini hapa duniani Mungu ameweka wakubwa wa kuchunga vitu vya wote. Mu Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 9 kinasema kama Leta iko na mamlaka juu ya udongo, juu ya vitu vya chini ya udongo, juu ya maji na juu ya misitu. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinatoa haki ya kuishi mahali pazuri pasipo kuharibu afya.

Tena sheria juu ya mito haikuanza leo. Wakati wa Wabelgiji, tarehe 1 Julai 1914, kulitoka amri juu ya kuchafua visima, maziwa na mito. Mu mwaka 1952 kukatoka amri ingine juu ya namna ya kutoa na kuongoza maji ya mito na maziwa. Na tarehe 31 Desemba 2015, inchi yetu ilipata sheria yake kubwa ya maji, Sheria namba 15/026. Sheria ile inatambua tofauti kati ya mutu anayechota maji ya nyumbani, na mutu anayetaka maji kwa kazi kubwa. Huyu wa pili anapaswa, kufuatana na ukubwa wa kazi yake, kujitangaza mbele ya Leta, ao kuomba ruhusa, ao kufanya mapatano ya konsesio.

Kwa kampuni za mine, Kode ya Mine ya 2002, yenye kutengenezwa tena tarehe 9 Marsi 2018, inawaacha watumie maji iliyo ndani ya mipaka ya konsesio yao. Lakini wapashwa kufuata yale yaliyoandikwa mu uchunguzi juu ya mazingira na juu ya maisha ya watu. Maana yake: hata ndani ya mipaka yao, hawatumii maji sawa vile wanataka. Na mto haujui mipaka. Unaingia mu konsesio asubui, unatoka mangaribi, unaendelea na safari yake. Mto Lubumbashi unapita mu muji wetu na kuingia mu Kafubu. Kafubu inaingia mu Luapula, na Luapula inapita kati yetu na Zambia mpaka ziwa Moero. Unapochota hapa, kuna ndugu kule mbele anangoja.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Wengine wanaogopa hesabu. Musiogope. Mu karatasi za maji wanaandika «lita kwa segonde». Mutu akisikia «lita 10 kwa segonde», anaona ni kidogo: nusu ya bido moja! Lakini tuhesabu. Siku moja iko na segonde 86.400. Lita 10 mara 86.400, ni lita 864.000 kila siku. Ukigawanya mu bido za lita 20, unapata bido 43.200. Kama jamaa moja inatumia bido 10 kwa siku, ile ni maji ya jamaa 4.320. Njo vile namba ndogo inaweza kuwa kitu kikubwa.

Sasa tuseme kijito kimoja, mu mwezi wa pili wakati wa mvua, kinapitisha lita 200 kwa segonde. Kampuni inachukua 10. Hakuna mutu anaona. Lakini mu Katanga yetu mvua inakatika mu mwezi wa ine ao wa tano, na mpaka mwezi wa kumi mto unaendelea kupunguka. Tuseme mu mwezi wa kumi kijito kile kinapitisha lita 12 tu. Kampuni inaendelea kuchukua 10, sababu karatasi inasema 10. Inabaki 2. Mama wa lengalenga anafika na arozware yake, anakuta matope. Na kampuni haikuvunja sheria! Imefuata karatasi. Kosa liko mu karatasi yenyewe, sababu iliandika namba moja kwa mwaka muzima, sawa vile mto ungekuwa robine.

MASHARTI TANO

Kwa hiyo, wapenzi, ninawapa mambo tano ya kutafuta mu karatasi.

1. Kiasi gani, na mu mwezi gani? Jambo hili watu wa Tanzania walilijua kwa machungu. Kule kusini kuna bonde la Usangu, mahali pa mto Ruaha Mkuu. Mto ule ulikuwa unapita mwaka wote. Mashamba ya mpunga yakaongezeka, mifereji ikajengwa kwa sima, na watu wakapewa karatasi za haki ya maji zenye kuandika lita kwa segonde. Tangu mwaka 1993, mto ulianza kukauka kila kiangazi kule mbele, mu pori ya wanyama ya Ruaha. Viboko na samaki walibaki mu vidimbwi. Watu wa elimu waliochunguza waliona kama namba za mu karatasi hazikufuata majira. Na mulango wa sima uliojengwa vizuri ulikuwa na nguvu ya kuchukua maji karibu yote wakati mto umekuwa mudogo. Basi karatasi nzuri inaandika namba mbili kwa uchache: moja ya mvua, moja ya kiangazi.

2. Nini inabaki mu mto? Hili njo sharti kubwa. Mu inchi ya Kenya, tangu sheria ya maji ya 2002, na tena ile ya 2016, mbele ya kumupa mutu yeyote ruhusa wanatenga kwanza maji ya akiba: maji ya kunywa ya watu wanaotegemea mto, na maji ya kuchunga uzima wa mto wenyewe. Ile akiba haigawanywi. Tena mwenye kutaka kumwangilia shamba kubwa anaambiwa achukue maji wakati mto umejaa, aiweke mu bwawa lake, yenye kutosha siku 90. Mutaona hekima pale: hawakumukataza kulima, walimwambia achote wakati wa wingi, kusudi wakati wa njaa ya maji asikamate ya mudogo. Ni sawa na Yosefu kule Misri, aliweka ngano ya miaka saba ya shibe kwa miaka saba ya njaa. Kampuni yenye nguvu ya kuchimba shimo la mine, iko na nguvu ya kuchimba bwawa vilevile.

3. Nani anapima? Ku nyumba zetu, mwenye kuunganishwa na Regideso iko na mashini ya kupima maji ku tiyo. Kama baba wa watoto sita anapimiwa maji yake, namna gani mwenye pompi kubwa asipimiwe? Karatasi inapaswa kusema: mashini ya kupima iwekwe ku pompi, namba ziandikwe mu kitabu kila siku, na kitabu kionyeshwe. Na ku mto wawekee muti wenye alama, sawa rula kubwa. Maji ikishuka chini ya alama fulani, pompi inasimama. Alama ile hata mutoto wa kalasi ya tatu anaweza kuisoma. Hapo hatungoje mukubwa atoke Kinshasa kwa kutuambia kama mto umepunguka.

4. Nini inarudia, na namna gani? Kazi ya shaba ya leo inatumia asidi nyingi. Maji yake wanaiweka mu mabwawa ya takataka. Kama ukuta unapasuka, hatari iko kubwa. Tarehe 18 Februari 2025, kwa jirani zetu wa Zambia, bwawa moja la kampuni ya shaba lilipasuka kule Chambishi. Maji ya asidi iliingia mu kijito Mwambashi, kikaipeleka mu mto Kafue. Samaki wakakufa, na muji wa Kitwe ukakatiwa maji ya robine. Na hapa kwetu Lubumbashi, mu mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule 2025, maji ya bwawa la kampuni moja ilitoka na kujaa mu kartie za Kasapa, Kamatete na Kamisepe. Waziri wa mine alisimamisha kazi yake kwa miezi 3. Kwa hiyo karatasi ya kuchukua maji isitenganishwe na maneno ya kurudisha maji. Iseme: maji itumike tena na tena ndani ya usini, na ile inayotoka ipimwe mbele ya kugusa mto. Kode ya Mine ya 2018 inasema wazi kama mwenye haki ya mine atalipa hasara aliyoletea watu na mazingira kwa kazi yake, hata kama hakufanya kosa wala uzembe.

Nabii Ezekieli, mu sura ya 34, anasema na wanyama wanene wa kundi. Hawahukumu juu wamekunywa. Anawauliza namna gani wamekunywa maji safi, halafu wakachafua kwa miguu yao maji iliyobaki, na kondoo wengine wakalazimishwa kukunywa uchafu. Mungu hakatazi mwenye nguvu kukunywa. Anamuuliza juu ya yale aliyoachia wengine.

5. Mpaka lini? Karatasi pasipo mwisho inageuka kuwa urizi. Iandikwe miaka, na iandikwe kama mwaka wa ukame Leta inaweza kupunguza kiasi kwa wote. Halafu, siku mine inafungwa, nani atatengeneza mto? Hilo nalo liandikwe mbele ya kazi kuanza, sio nyuma.

MAJI YA CHINI VILEVILE

Wengine watasema: «Kampuni yetu haichoti ku mto, inatoa tu maji mu shimo.» Ni kweli, mine inapochimbwa chini sana, maji inaingia, na lazima itolewe. Kule Kipushi, pompi ya chini ilipoharibika mu mwaka 2011, maji ilijaa mu mine, na kuitoa kuliomba kazi ya miaka. Lakini mujue hili: maji ya chini na maji ya juu ni ndugu wa tumbo moja. Ukivuta sana chini, visima vya jirani vinaweza kushuka, na chemchemi inayolisha kijito inaweza kukauka. Basi masharti yale tano ni ya shimo vilevile: kiasi, akiba, kipimo, kurudisha, na mwisho. Na ingefaa kisima cha jirani kipimwe mbele, kusudi kesho kusikuwe mabishano: «kilikuwa na maji» – «hapana, hakikukuwa».

NA SISI JE?

Sasa nisiseme juu ya wakubwa tu. Mu kanisa tunapenda mahubiri yanayopiga mutu wa inje. Tujitazame.

Kuna ndugu wanaofyatua matofali pembeni ya kijito. Wanachimba ukingo mpaka mto unakosa njia. Kuna wanaofunga maji usiku kwa mifuko ya muchanga kusudi shamba lao lishibe, na dada aliye chini anaamka na kukuta mufereji mukavu. Ku mulango wa nyumba za wenye makuta kuna foraji karibu kila parsele, hakuna mutu anajua wanavuta kiasi gani. Hata makanisa tuko na foraji. Na sisi wote tunatupa pampers na plastiki mu mto.

Mwenye shamba dogo la mboga asifunge kijito chote. Mugawanye siku: leo watu wa juu, kesho watu wa chini. Mu Kenya, kandokando ya Mlima Kenya, wenye kutumia mto mumoja wamefanya shirika lao. Wakati wa kiangazi wanakaa pamoja, wanapanga zamu, na wenye mashamba makubwa ya maua wanakaa kwa meza moja na wakulima wadogo. Sisi tunashindwa nini? Kama tunagawanya zamu za kufagia kanisa, tunaweza kugawanya zamu za maji. Na tukifika mbele ya kampuni, tutakuwa na uso wa kusema, juu tumeanza kwetu.

SIKU YA MKUTANO

Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inaomba watu waulizwe mbele ya kazi yenye kuweza kuharibu mazingira. Kwa hiyo siku moja shefu wa kartie ao wa mugini atawaita. Ninawapa mashauri machache.

Muende. Wamama waende mbele, sababu wao njo wanajua mto: ni mwezi gani unapunguka, ni wapi watoto wanaoga. Mubebe kitabu, muandike tarehe na maneno. Muombe nakala ya karatasi, na kama iko kwa Kifaransa, muombe ielezwe kwa Kiswahili. Muulize yale maulizo tano moja kwa moja, pasipo matusi.

Musitie sinyatire juu ya mufuko wa unga ao tisheti. Bukari ya wiki moja haiwezi kununua mto wa miaka 25. Esau aliuza haki yake ya muzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mangaribi moja, na hakuweza kuipata tena.

Na wewe ndugu unayefanya kazi ku kampuni, kanisa halikuombi uache kazi yako. Lakini ukijua kama mashini ya kupima imekufa, ao kama maji inafunguliwa usiku, usiseme «si yangu». Mueleze mukubwa wako kwa heshima. Na ninyi wa mashamba, musimwite ndugu huyu mwuzaji wa watu. Mnakula meza moja ya Bwana. Kijito kisitoshe kugawanya kanisa.

Mwisho, tukumbuke Abrahamu na Abimeleki. Watumishi wa Abimeleki walinyanganya kisima cha Abrahamu. Abrahamu hakuchukua fimbo, wala hakunyamaza. Alimuambia mfalme waziwazi. Na mfalme akajibu kama hakujua, hakusikia mpaka siku ile. Mara nyingi ni vile: wadogo wa kazi wanafanya, mukubwa hajue. Kwa hiyo tumwandikie mukubwa. Halafu Abrahamu akatenga kondoo saba wanawake kuwa ushuhuda kama yeye njo alichimba kisima. Wakaapa, na mahali pale pakaitwa Beer-Sheba. Mapatano yale yalikuwa na mashahidi, na kila mutu aliweza kuhesabu kondoo saba. Karatasi ya maji nayo inapaswa kuwa hivyo: kitu chenye kila mutu anaweza kuhesabu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA MU JAMAA

– Maji tunayokunywa inatoka mto gani ao kisima gani? Nani mwengine anaitegemea?
– Jamaa yetu inatumia bido ngapi kwa siku? Watoto wahesabu kwa wiki moja.
– Mu mwezi wa kumi, kijito cha karibu kinafika wapi? Nani anaweza kuweka muti wa alama?
– Ni nini sisi tunatupa mu maji?

TUOMBE

Tuwaombee wakuu wa Leta wanaotia kashe ku karatasi, wapate moyo wa kusoma mbele ya kutia. Tuwaombee wakubwa wa kampuni, wakumbuke mutu wa chini ya mto. Tuwaombee watu wa Kasapa, Kamatete na Kamisepe. Na tumushukuru Mungu kwa mvua inayokuja.

Mungu awabariki, na tuonane mwezi ujao kama Bwana akipenda.